Nyumba Niliyoitengeneza Nikiwa Barazani

Wanangu, wajukuu zangu, na nyie msio wangu lakini mna mkono wa kushika bisibisi, sogeeni. Leo sizungumzi habari za kujenga. Kujenga mnakujua, na kubomoa mnakujua zaidi. Nataka kuzungumza habari za bomba linalodondosha, mlango unaokwaruza sakafu, na kabati la jikoni lililopauka mpaka mwenyewe anaona haya mgeni akiingia. Vitu hivyo ndivyo vilivyonilisha hapa Tanga tangu nilipotoka kwetu Kigombe, kijana nina ndevu tatu, mpaka hivi leo ninapokaa Nguvumali na kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili kisimwagike.

Kuna maneno mawili yakisemwa mbele yangu damu inanipanda: "Ng'oa yote." Kijana anaingia kwenye nyumba ya watu, anatazama sakafu nyekundu iliyong'arishwa na bibi watatu kwa nta na kumbi la nazi, anasema ng'oa yote, weka marumaru. Anaona bomba la shaba, anasema ng'oa, weka hili la kumeta. La kumeta linachubuka mwaka wa pili. Kisha anaitwa tena, anang'oa tena. Mie nawaambia, kabla hujang'oa kitu, kioshe. Nusu ya ubovu wa nyumba ni uchafu na skrubu zilizolegea.

Hayo sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na marehemu Bwana Fida, Mhindi wa watu, aliyekuwa na duka la vifaa karibu na soko na kibegi cha spana ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mara ya kwanza kunituma peke yangu, alinipeleka kwenye nyumba ya Waarabu waliokuwa wanajiandaa kwa arusi. Nikaona mabomba yao meusi ti! Nikayang'oa, nikafunga ya plastiki, yale ya zamani nikayatupa jalalani, nikarudi dukani nikijiona fundi kweli. Bwana Fida aliponisikia aliacha mteja amesimama. Alinishika mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani, tukaenda wote hadi jalalani, nikachakura kwa mikono yangu huku kunguru wananitazama. Akanikalisha chini na bakuli la majivu na ndimu. Nikasugua. Chini ya ule weusi ikatoka rangi ya dhahabu, na mie nikatokwa na machozi, sijui ya ndimu au ya aibu.

"Umeona?" akaniuliza. "Wewe iko macho mbele sana. Kwanza sikiliza bomba. Macho baadaye."

Ndivyo alivyonifundisha, na kwa kweli bomba husema. Likidondosha polepole hata ukilikaza, ujue mpira wake wa ndani umekwisha. Likipiga mluzi, kuna kitu kimelika au kimelegea ndani. Likitikisa ukuta mzima unapolifunga, mfereji unaoleta maji haujashikwa vizuri ukutani. Nilizoea kufumba macho mlangoni kwa watu kabla sijafungua mkoba, na wengine wakidhani nasoma dua.

Sasa nisikilizeni nilivyokuja kuitengeneza nyumba nzima bila kuvuka kizingiti chake.

Nilikuwa nimeshastaafu. Barabara ya kumi na moja, Ngamiani, alifariki mzee mmoja, Bwana Saidi, mtu niliyemfanyia kazi za uani zamani, ndani sikuwahi kuingia. Nilikwenda kuzika, nikarudi siku ya tatu kusoma hitima. Mkewe, Bi Salha, alikuwa ndani, ameanza eda. Mnajua eda ya mjane: miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Nyumba ile ilikuwa yake mwenyewe, aliachiwa na babake. Mwanawe alikuwa mmoja tu, Nasoro, mhasibu Dar es Salaam. Siku ya kuondoka alisimama barazani akasema mbele yetu sote, kwa sauti ya kwenda mpaka ndani:

"Nyumba hii imekwisha. Bomba linavuja, choo hakivuti, milango haifungi. Eda ikiisha nakuja na gari kumchukua mama. Tutaifunga."

Lakini wiki ya pili yake nikaletewa salamu kwamba Bi Salha ananiita. Nikaenda baada ya alasiri, nikakaa kwenye baraza ya saruji iliyobaki na joto la mchana, nikapiga hodi. Mlango ulikuwa wazi na pazia limeshuka. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Fundi Mbwana, masalkheri."

"Akheri, Bi Salha. Pole kwa msiba."

"Nishapoa. Fundi, mie sitaki kwenda kukaa kwa Nasoro, ghorofa ya nne. Huko nitaota nini? Nyumba yangu naijua hata gizani. Mwanangu anasema imekwisha. Kweli imekwisha?"

Nikamwambia nyumba haiishi kwa bomba kuvuja. Akasema, "Basi nitengenezee kabla hajarudi."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwanza, mikono yangu ilikwisha anza kutetemeka, skrubu ndogo siiwezi. Pili, mle ndani alikuwamo wifi yake, dadake marehemu, Bi Zuwena, aliyekuja kukaa naye eda. Huyo alikuwa mlinzi hasa. Aliweka mkeka wake ukumbini katikati ya mlango na jiko, na kabla sijafungua kinywa alishasema hakuna mwanamume atakayeshinda mle ndani na mabomba, watu wana midomo. Nilimpa haki yake. Ngamiani watu wana midomo kweli.

"Kwa hiyo nani atashika spana?" nikauliza.

"Mie," akasema Bi Salha.

Bi Zuwena akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kwa ukali kama kupaka rangi na kung'arisha bomba si kujipamba, maana mtu wa eda hajipambi. Jambo likaenda kwa mwalimu wa madrasa ya mtaani, na jibu likarudi jioni ile ile, Bi Zuwena mwenyewe akalileta, kavuta pazia upande:

"Kasema anayekaa eda ni mjane. Bomba halikai eda."

Tukaanza kesho yake. Mtaniuliza kwa nini nisipigiwe simu ya picha. Simu ya Bi Salha ni ya tochi. Ya Bi Zuwena ilikuwa na picha, lakini kila akinipigia picha ya bomba naletewa dole gumba lake. Nikaona basi, tutumie masikio aliyonifundisha Bwana Fida.

Siku za mwanzo Bi Zuwena alikuwa ndiye mkalimani wetu. Mie nasema, "Mwambie azungushe taratibu," yeye anapaza sauti, "Kaza mkono, unaogopa nini!" Nikasikia chuma kinalia. Nikamwomba Mungu anipe subira, nikamwomba Bi Zuwena anipe nafasi. Mwisho akatuacha tukasemezana wenyewe, yeye akabaki na ushanga wake wa tasbihi na masikio mawili wazi.

Nilimfundisha hivi, na nyie shikeni hapo hapo. Kabla ya kulifungua bomba, funga koki ya nje, kisha fungua bomba limwage maji yaliyobaki. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, skrubu ikianguka humo umeshaipoteza. Spana ivalishe kitambaa, isiache meno kwenye shaba. Kila unachokitoa kipange juu ya kanga, kwa safu, cha kwanza mwanzo wa safu, cha mwisho mwisho wake, na wakati wa kurudisha uanzie mwisho. Ule mpira mdogo wa ndani, mafundi tunauita washa, ukikosa dukani kata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ufuatishe ule wa zamani kwa kalamu.

Alinisikiliza vizuri. Mie ndiye niliyekosea.

Nilimwambia koki iko uani, kushoto, nyuma ya mpapai. Nilikuwa naiona kabisa, mie mwenyewe niliifunga pale. Akaenda, akarudi, akasema amefunga. Kwa haraka nikaruka hatua ya kumwaga maji yaliyobaki, nikamwambia fungua kichwa cha bomba la jikoni. Ghafla nikasikia maji yanapiga dari, mabakuli yanaanguka, na wanawake wawili wanapiga kelele. Kumbe miaka mingi nyuma marehemu alihamisha mfereji, na ile koki ya mpapai ilikuwa imebaki kama pambo, haifungi kitu. Nikainuka. Mguu wangu mmoja ukafika kizingitini. Bi Zuwena akatokea na fagio la chelewa, ameroa chapachapa.

"Rudi! Rudi hapo hapo ulipo!"

"Mama, nyumba inajaa maji!"

"Ijae!"

Nikazunguka upande wa barabarani nikitafuta mita kwa miguu na mikono, nikaipata chini ya majani, nikafunga koki yake. Maji yakatulia. Nikarudi barazani nikakaa, suruali matope. Wanangu, usifundishe nyumba unayoikumbuka. Muulize aliyemo ndani, aguse, akwambie kilichopo leo. Nilistahiki lile fagio.

Jioni hiyo Bi Zuwena alimpigia simu Nasoro. Nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa bado nakamua suruali: nyumba imefurika, mamako anachezea mabomba, njoo. Na Nasoro akajibu kwamba hana mjadala tena, eda ikiisha tu gari litakuwa mlangoni. Siku tatu nikapiga hodi, Bi Salha haitikii. Nilikuwa nakaa barazani nusu saa, nanyanyuka, narudi Nguvumali kwa miguu na roho nzito. Nilimharibia mwenyewe, kwa kujifanya najua.

Siku ya nne nikasikia pazia linasogea.

"Fundi, tulikuwa wapi?"

"Tulikuwa bomba la jikoni."

"Hilo nimelimaliza. Sikiliza."

Nikafumba macho. Akafungua maji, akafunga. Nikangoja tone. Nikangoja sana, hata mwadhini akaanza, na tone halikuja. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi vile kwa bomba nililolifunga mwenyewe.

Tangu hapo siku zikawa zinapita kama usingizi wa mchana. Nilifika baada ya alasiri, nikaegemeza mgongo kwenye ukuta, nikafumba macho, na nyumba ikanifungukia kichwani. Nikawa natembea ndani yake. Bi Salha anapiga msasa mlango wa kabati, namsikia anafuata nyuzi za mbao, vizuri. Sasa anakata nyuzi, nampigia kelele. Sasa anachovya brashi, anaikung'uta mara mbili ukingoni mwa kopo. Huko uani Bi Zuwena anakuna nazi. Harufu ya rangi inachanganyika na ya samaki wa kukaanga, na mie nimo mle ndani bila mwili, napita chumba hadi chumba. Nikifumbua macho naona barabara tu, na mbuzi wa jirani.

Kabati lile tuliliosha kwanza kwa sabuni na maji ya moto, maana rangi haishiki juu ya mafuta ya kupikia hata uipake mara kumi. Milango tuliitoa na kuiandika namba kwa penseli nyuma. Bi Salha hakutaka rangi ya kupendeza akiwa ndani ya eda, roho ilimkataa ingawa mwalimu aliruhusu, kwa hiyo tukapaka nyeupe ya chini tu, nyembamba, mara mbili, na kopo la rangi ya majani machanga likakaa limefungwa likingoja siku yake. Mishikio iliyovunjika tuliibadilisha na kamba ya mkonge, fundo moja ndani, fundo moja nje. Tanga hii ya mkonge, mtu anakwenda kununua mishikio ya plastiki kwa nini? Bomba la mvua lililoziba tulilifungua kichwa, kikalala usiku kucha kwenye bakuli la maji ya ndimu, asubuhi matundu yote yakawa wazi. Bawaba zilizolegea, skrubu inazunguka bure, tulijaza matundu kwa njiti za viberiti zilizopakwa gundi, tukakata zilizotokeza, tukangoja ikauke, tukarudisha skrubu zile zile. Saruji nyeupe ikaingia kwenye nafasi za marumaru za bafuni kwa mswaki wa zamani. Umeme sikuufundisha kwa mdomo, na nyie msijaribu. Nilimleta bintiye jirani aliyesomea umeme, akazima swichi kubwa, akakagua nyaya, akabadilisha swichi mbili. Taa ya ukumbini Bi Zuwena akaisukia kifuniko cha ukili, ule wa mikeka, kwa kuwa taa za siku hizi haziunguzi. Naam, Bi Zuwena. Hata sikujua ni siku gani aliacha kutulinda akaanza kutusaidia.

Siku moja Bi Salha aliniuliza kama mumewe angeipenda ile kazi. Nikamwambia Bwana Saidi angelalamika kwamba milango haitoi tena sauti ya kumwamsha. Akacheka, halafu nikamsikia analia, na mie nikatazama barabara mpaka akamaliza. Nilimhurumia sana, na siku ile sikumpa kazi nyingine.

Eda ikaisha. Alioga, akabadili nguo, dua ikasomwa, na kopo la rangi likafunguliwa siku hiyo hiyo. Siku mbili baadaye Nasoro akafika na gari la kukodi, buti tupu. Nami niliitwa. Kwa mara ya kwanza pazia likafunguliwa na nikavuka kizingiti. Bi Salha alikuwa mama mfupi, kajitanda mtandio, ana rangi ya kijani kwenye kucha. Nyumba haikuwa ile niliyokuwa nikitembea ndani yake. Jiko nililiweka kushoto, lipo kulia. Bafu nililidhania kubwa, ni dogo. Nilisimama ukumbini nimepotea katika nyumba niliyoitengeneza mwenyewe, na ilikuwa nzuri kuliko ile ya kichwani.

"Shikamoo, fundi," akasema Nasoro.

"Marahaba, baba. Pole na safari."

"Mama, mizigo iko wapi?"

"Kagua nyumba kwanza," akajibu mamake. "Si ulisema imekwisha?"

Akaikagua, wallahi. Alifungua kila bomba, akalifunga, akangoja. Alivuta choo, akasimama mpaka tangi likajaa. Alifungua milango ya kabati mmoja mmoja. Alisukuma milango yote, haikukwaruza. Mlango mmoja tu hakuugusa, ule wa chumba alichokulia, kwa sababu pazia lake lilishuka mpaka chini na Bi Zuwena alikuwa kaketi mbele yake na mkeka wake. Mie namfuata nyuma, kifua mbele, kama vile arusi ni yangu.

Alipomaliza hakusifu. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya uani na nguo zake za Dar, akainamisha kichwa.

"Nilikuwa natafuta kitu kibovu," akasema. "Mama, nilitaka kiwepo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Baba alipofariki nilikuwa kwenye kikao. Simu ilikuwa inatetemeka mezani, nikaigeuza chini. Mara tatu. Siwezi kukuacha huku peke yako nikasubiri simu nyingine."

Bi Salha akakaa kando yake kwenye ngazi.

"Kumbe ndilo hilo. Miezi minne unanitukania nyumba yangu."

"Ningesemaje?"

"Ungesema hivyo ulivyosema sasa." Akamshika kichwa. "Njoo. Kibovu kipo."

Bi Zuwena akanyanyuka bila kuambiwa, akakunja mkeka, akavuta pazia. Mlango wa chumba cha Nasoro ulikuwa unaning'inia kwenye bawaba moja, rangi imebanduka, mshikio hauna. Nilipigwa na butwaa.

"Bi Salha! Mlango huu si uliniambia umekwisha? Nimesikia nyundo kwa masikio yangu siku mbili!"

"Ulisikia kinu, fundi. Nilikuwa natwanga, wifi ananihesabia mapigo." Hakunionea hata haya. Akamgeukia mwanawe. "Ningemaliza vyote, wewe ungekuja kufanya nini hapa?"

Nasoro aliutazama ule mlango. Akavua saa yake, akampa shangazi yake. Akavua viatu. Kisha akanigeukia mie, uso umelowa, akauliza anaanzia wapi. Nikamwambia ashikilie mlango vizuri, aanze na bawaba ya juu.

Gari lilirudi Dar es Salaam siku ya tatu, buti tupu kama lilivyokuja, isipokuwa nazi na dagaa wa mamake. Tangu hapo Nasoro anakuja kila akipata siku mbili. Anaupiga msasa kidogo, anapaka kidogo, anatia skrubu moja, jioni anakula na mamake, anaondoka. Bi Zuwena akiniona njiani ananiambia, fundi, mwanafunzi wako mzito. Huu ni mwaka wa pili, na mlango ule bado haujaisha.